Virusi havionekani, lakini mdogo wangu halali: nimsaidieje?

Swali: Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, alikuwa mvuvi wa dagaa Ukerewe. Mwaka jana alipimwa akakutwa na VVU, akaanza dawa. Sasa ana miezi minne anaishi kwangu hapa Igoma, Mwanza. Kliniki wamemwambia virusi havionekani, wakampongeza. Lakini usiku halali, anakaa uani hadi alfajiri, chakula anagusagusa tu, ziwani hataki kurudi, na siku hizi jioni ananukia gongo. Juzi aliniambia, "Dada, mimi nilishakwisha." Je, ni dawa zinamfanya hivi, au ugonjwa umepanda kichwani, au ni mawazo tu? Nimsaidieje bila kumuudhi? Na mama yetu aliyeko Nansio, nimwambie?

Jibu: Pole, dada. Kwenye swali lako kuna neno moja dogo ambalo tungependa ulifute: "tu". Mawazo yanayomnyima mtu usingizi wiki baada ya wiki, yakamkatia hamu ya kula na kumtoa kwenye kazi aliyoizoea, ni ugonjwa. Unaitwa sonona, una kipimo chake na una tiba yake. Kipimo cha wingi wa virusi kinapima damu. Kinaeleza kwamba kidonge kinafanya kazi, na hiyo ni habari njema kwelikweli, lakini hakielezi lolote kuhusu moyo wa anayekimeza. Ndiyo maana mtu anaweza kupigiwa makofi kliniki asubuhi, na usiku wake akakesha uani peke yake.

Kabla ya habari za dawa na za mama, kuna swali la kumuuliza leo, kwa sababu ya hilo neno "nilishakwisha". Tafuta saa ambayo hajanywa, watoto wakiwa wamelala, umuulize bila kuzunguka: "Mdogo wangu, juzi uliposema umekwisha, ulikuwa unawaza kufa? Umewahi kufikiria kujiua?" Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumtia mtu wazo kichwani. Sivyo. Aliye na wazo hilo hupumua anapopata wa kumwambia, na asiye nalo atakujibu hapana, mtaendelea na mengine. Akikubali, uliza mawili zaidi: amewaza kwa njia gani, na hicho kitu anacho karibu? Katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa hatari ya kwanza ni sumu: dawa ya pamba iliyobaki msimu uliopita, dawa ya kuogeshea ng'ombe, sumu ya panya. Usiifungie kabatini. Itoe kabisa nyumbani, mtu mwingine aipeleke mbali. Vidonge vya hospitali navyo visikae rundo mahali anapolala.

Kama ana mpango na ana kitu cha kuutekelezea, asiachwe peke yake hata dakika kumi, na siku hiyo hiyo mfikishe hospitali, iwe Sekou Toure au Bugando, upande wa dharura. Mapokezi msiseme "ana mawazo". Semeni "anawaza kujiua", kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayobadilisha foleni. Kama anatamani kufa lakini hana mpango, aende CTC, yaani kliniki anakochukulia dawa za VVU, wiki hii hii, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Sasa tuje kwenye maswali yako, kuanzia dawa.

Yaelekea anameza TLD, kile kidonge kimoja cha kila siku chenye tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Dolutegraviri humnyima usingizi au humpa ndoto nzito mtu mmoja mmoja, mara nyingi katika wiki za mwanzo, na wachache huwashusha moyo, hasa waliowahi kuugua sonona kabla ya hapo. Muulize anameza saa ngapi. Wavuvi wa dagaa wengi humeza jioni kabla ya kusukuma mtumbwi, na akija nchi kavu anaendelea na saa ile ile bila kuifikiria. Akimeza saa 3 usiku kisha akakosa usingizi, kitu cha kwanza kujaribu ni kuhamishia kidonge asubuhi. Muuguzi wa CTC atamwelekeza namna ya kuvuka siku ya kubadili. Kanuni yenyewe ni kwamba pasipite siku bila kidonge. Baada ya wiki mbili mtajua: usingizi ukirudi na uso ukachangamka, kidonge kilikuwa na mkono wake. Usingizi ukirudi lakini bado anasema amekwisha, basi tatizo liko kwingine.

Angalieni pia kama anameza isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu, ambayo wengi wanaoanza ARV, yaani dawa za VVU, hupewa. Ina tabia ya kuchoma nyayo kama mtu amekanyaga makaa, na miguu inayowaka humkesha mtu pia. Vitamini B6 hutolewa pamoja nayo kwa sababu hiyo, na wapo wanaoiacha wakidhani ni ya ziada.

Jambo moja tunalisisitiza: asiache TLD kwa kuwa halali. Kuna njia ya kubadilisha muda, na ikibidi daktari atabadilisha dawa yenyewe. Akiacha mwenyewe, virusi vinarudi ndani ya wiki chache, na kwenye moyo uliokwisha kuinama unaongezeka mzigo mwingine.

Kuhusu ugonjwa "kupanda kichwani", hofu hiyo ina msingi, ila sura yake ni tofauti na hii unayoieleza. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi, kwa mfano, huwapata hasa wenye CD4, yaani chembe za kinga za damu, chini ya 200. Huja na kichwa kinachouma siku hadi siku bila kukubali panadoli, homa, kutapika, shingo kukakamaa, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa, degedege au upande mmoja wa mwili kulegea. Ukiona hata moja kati ya hayo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mwenye akili zake timamu, anayejibu vizuri, ila amenyamaza, halali na hana hamu ya chochote, mpime sonona.

Kipimo cha sonona hakihitaji damu. Ni maswali 9 yanayojulikana kwa jina la PHQ-9, yapo kwa Kiswahili, na hayachukui hata robo saa. Kila swali linauliza: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na jambo hili? Kukosa raha, kukosa usingizi, uchovu, kujiona huna thamani, na kadhalika. Hapana kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 kwenda juu mtu anahitaji kuangaliwa kwa makini na kuanza kusaidiwa, na kuanzia 20 ni sonona kali. Swali la 9 linahusu kifo, na jibu lolote lisilo 0 linafanyiwa kazi hata kama jumla yote ni ndogo.

Kwa nini basi kliniki hawakugundua? Kwa sababu sisi tumelelewa na salamu. Mhudumu mwenye watu sitini kwenye benchi anauliza, "Unaendeleaje?" Naye anajibu, "Namshukuru Mungu, salama." Kadi inaandikwa, dawa zinatolewa, mwingine anaingia. Wanaume wakijitahidi sana husema "kichwa kinauma" au "mwili hauna nguvu", wanaondoka na panadoli. Mdogo wako aende na sentensi yake mkononi, hata akiiandika kwenye karatasi: "Wiki kadhaa sasa silali, sili, sina hamu ya kitu. Naomba nipimwe sonona." Ukiweza, msindikize, ukae nje mpaka akuite.

Na uelewe anapolitoa hilo neno "kukwisha". Wagonjwa wa kwanza nchini walithibitishwa mwaka 1983 Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili, wakati watu wakiuita ugonjwa "Juliana" bila kujua ni nini. Dawa za bure zilianza kutolewa mwaka 2004. Mdogo wako alikuwa mtoto mdogo katika miaka ambayo jirani akikonda, kijiji kizima kilijua mwisho wake. Kipimo anachojipimia ni picha zile. Kumwambia "siku hizi watu hawafi" hakuzifuti. Kinachosaidia ni kukaa na mtu aliyemeza dawa miaka kumi na tano, mwenye mtumbwi wake na wajukuu wake, akamwona kwa macho. Watu hao wapo. Waulizeni CTC kuhusu washauri rika, na kuhusu Konga ya wilaya yenu, yaani umoja wa watu wanaoishi na VVU. Mara nyingi vikundi hivi vina akina mama wengi kuliko wanaume, na kijana anaweza kuingia mara moja akatoka asirudi. Afadhali kwanza aombe kukutanishwa na mwanaume mmoja wa makamo, ikiwezekana mvuvi, kabla ya kupelekwa kwenye kikundi.

Tiba yenyewe ina njia mbili, na zote zinaweza kwenda pamoja na ARV. Ya kwanza ni mazungumzo yenye mpangilio. Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda na wenzake wamekuwa wakifundisha akina bibi wa mitaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua matatizo yao hatua kwa hatua. Neno la Kishona wanalotumia kwa hali hiyo, kufungisisa, maana yake ni kuwaza kupita kiasi, na hakuna Msukuma wala Mkerewe asiyeielewa. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili zinapungua kwa kiasi kikubwa, na karibu wanne katika kila kumi walioshiriki walikuwa na VVU. Hapa karibu zaidi, Rakai na Masaka upande wa Uganda, vikundi vya wanakijiji vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16 vilipunguza sonona sana, na hiyo ilichapishwa mwaka 2003.

Kinachofanyika ndani yake kinaweza kuanzia hata nyumbani. Mtu anataja yote yanayomsonga bila kukatizwa. Kisha anachagua moja, tena yeye, si wewe. Tuseme anachagua deni la tajiri mwenye mtumbwi. Mnaliangalia kwa ukaribu: ni shilingi ngapi hasa, tajiri anajua nini, kuna njia gani hata zile zinazoonekana za kijinga. Anachagua hatua moja ndogo inayowezekana kabla ya Jumapili, labda kumpigia simu tajiri na kuomba kulipa kidogo kidogo. Jumapili mnakaa tena: ilikuwaje? Ikishindikana, hatua ilikuwa kubwa mno, ikateni vipande. Wengi hukosea hapa. Wanaanza na tatizo kubwa kuliko yote, au wanamtafutia jibu, naye anazidi kujiona hafai.

Njia ya pili ni dawa, na hapa daktari ndiye mwamuzi. Fluoksetini na amitriptilini hutumika sana na zote mbili haziharibu kazi ya TLD. Zinachukua wiki 2 hadi 4 kabla ya kuleta nafuu, wakati mdomo kukauka au tumbo kuchafuka vinaanza siku za kwanza, kwa hiyo watu huziacha hasa wiki ile ambayo zingeanza kusaidia. Akipata nafuu anaendelea miezi kadhaa, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu akiongozwa na daktari. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo ni hatari kwa moyo, kwa hiyo kwa mtu aliyewaza kufa ombeni apewe za wiki moja moja, nawe uzitunze. Na akiandikiwa karbamazepini kwa sababu yoyote ile, amkumbushe daktari kwamba anameza dolutegraviri, kwa kuwa ile inaishusha nguvu hii.

Gongo haigombani na TLD moja kwa moja. Madhara yake ni kwamba inaharibu usingizi wa alfajiri, inazidisha huzuni kesho yake, na inaleta ile imani kwamba "nikinywa pombe sitakiwi kumeza dawa". Aelewe vizuri: hata akiwa amekunywa, ameze. Lakini kama anakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka na kutoka jasho, asikate ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege. Hilo nalo ni la kumwambia daktari.

Namna ya kuishi naye sasa. Usihesabu vidonge vyake. Kipimo kimeonyesha anameza, na kila ukifungua kopo lake unamwambia humwamini. Kikombe na sahani viwe vya wote, na wewe kunywa kwanza kwenye kikombe chake bila kusema neno, ataliona. "Jikaze, wewe mwanaume" humfungia mlango, na "mwachie Mungu" ikitolewa mapema mno humaanisha "nyamaza". Akitaka kusali, asali, na mchungaji au shehe mzuri ni msaada mkubwa, ila yeyote atakayemwambia aache dawa kwa kuwa ameponywa, mkae naye mbali.

Wanaume wengi hawaongei uso kwa uso. Wanaongea mikono ikiwa kazini. Kama kuna nyavu ya kushona, tafuteni sindano na uzi, kaeni uani jua likipoa, yeye aunganishe jicho lililokatika nawe ushike upande wa pili. Dakika ishirini za mwanzo zinaweza kupita kimya. Usizijaze. Ikija sentensi, jibu kwa kurudia ulichosikia: "Kwa hiyo unaogopa wenzako kambini watajua?" Halafu nyamaza tena.

Mama je? Usimwambie. Siri ni ya mdogo wako, na kwa mhudumu wa afya kuitunza siri hiyo ni sheria, ile ya UKIMWI ya mwaka 2008. Kwenu nyumbani ni heshima. Mama akikuuliza kwa nini mwanawe hapigi simu, mwambie, "Yuko kwangu, hana raha sana, tunamtunza." Si uongo. Ikiwa mwenyewe anataka kumwambia, msaidie kupanga: namwambia kwa sababu gani, nataka afanye nini, akilia nitafanyaje, akisimulia kwa shangazi je? Afanye uso kwa uso, akiwa hajanywa, usingizi ukiwa umerudi kidogo. Usiku wa huzuni kali haufai kwa uamuzi huo.

Mwenza, kama yupo, ndiye anayekuja kabla ya mama, kwa sababu naye anahitaji kupimwa, na CTC wanaweza kukaa nao wote wawili. Hapo mdogo wako ana neno zuri la kusema: anayemeza dawa kila siku na virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Vijana wengi wamejihukumu kuishi peke yao maisha yote kwa sababu hakuna aliyewaambia hilo likawaingia. Anaweza kuoa na kuzaa watoto wasio na VVU.

Kurudi ziwani kusilazimishwe, wala kusizuiwe. Usiku wa kwanza majini uje baada ya mawazo ya kifo kutulia, na asiende na watu asiowaamini. Dawa ikae kwenye kopo lake lenye kile kipakiti cha kunyonya unyevu, ndani ya chombo kingine chenye kifuniko cha kubana, kwa sababu maji ya mtumbwini huingia kila mahali. Akisahau, ameze akikumbuka siku ile ile, kesho arudi kwenye saa yake. Na kwa kuwa virusi vyake vimeshuka, aulize CTC kama anaweza kuchukua dawa za miezi 3 au 6 kwa mara moja, tena aombe tarehe iangukie siku za mbalamwezi, wakati taa hazivuti dagaa na wavuvi wako nchi kavu. Tarehe nyingi hupotea kwa sababu zimeangukia siku za giza, kazi ikiwa imepamba moto. Akihamia kambi ya mbali, aombe barua ya uhamisho kabla hajaondoka, ili kituo cha kule kimpokee bila kumwanzisha upya.

Nawe, dada, unabeba siri ambayo huwezi kuishusha popote, huku ukilala sikio likiwa uani. Mwombe mdogo wako ruhusa ya mtu mmoja, mmoja tu ambaye nyote mnamwamini, wa kukupokea zamu usiku wa Jumamosi ili ulale. Akikataa, mshauri wa CTC anaweza kuongea na wewe pia. Mkienda pamoja wiki hii, baada ya yeye kutoka, ingia wewe.